Mkwaruzo Kwenye Faili la Begena

Mahakama ilikuwa kesho saa tatu asubuhi, na Inspekta Demissew Argaw alikuwa na kitu kimoja tu mkononi: faili la sauti la dakika arobaini ambalo makao makuu walishaliita uongo.

Mambo yenyewe hayakuwa na mzunguko. Ijumaa iliyopita, katika ua mmoja wa Gulele, mwenye nyumba aliyeitwa Sahlu Mengesha, mgane wa miaka hamsini na minane, alikutwa chini ya ngazi za mawe za mlango wa nyuma, shingo imevunjika. Saa tatu na dakika tano alikuwa hai, anaongea na shemeji yake kwa simu. Saa tatu na dakika ishirini na nane mpangaji wa chumba cha mbele, karani mmoja wa kike, alirudi kutoka kanisani kufuata dawa zake za presha, akamkuta, akapiga yowe mpaka mbwa wa mtaa wakaitika. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na watu wote wa ua walikuwa kwenye ibada, isipokuwa Tilaye Wondafrash, mpiga begena, kile kinubi kikubwa cha sala, aliyetoka chumbani mwake nyuma ya ua akiwa peku. Na huyu Tilaye, wiki mbili kabla, alimkaba Sahlu getini mbele ya watu, akamwambia akimwona tena anazurura mlango wa nyuma atamvunja shingo.

Ungekuwa wewe, ungemkamata nani? Demissew naye alimkamata huyohuyo.

Tilaye alikuwa na jibu moja na hakulibadilisha siku zote sita. Alikuwa akirekodi. Alianza saa mbili na dakika hamsini, akapiga begena bila kunyanyuka mpaka aliposikia yowe. Faili lipo, lisikilizwe. Wakalisikiliza. Begena inapigwa mwanzo hadi mwisho, na kwenye dakika ya thelathini na nane yowe la yule karani linasikika kwa mbali. Dakika mbili za kukoroma kwa nyuzi, mtu anasema "ni nini hicho?", basi.

Lakini mtaalamu wa makao makuu alipoufungua mchoro wa sauti kwenye skrini aliona mikwaruzo. Inakuja, inakaa dakika moja hivi, inapotea, inarudi. Aliandika ukurasa mzima, na maana yake ilikuwa moja: faili limeungwa. Mtuhumiwa aliua, akarudi chumbani, akarekodi dakika chache za mwisho ili yowe liingie, akazibandika kwenye muziki wa zamani. Mikwaruzo ni makovu ya kuungia.

Demissew aliisoma taarifa ile mara mbili, hakuhisi chochote. Miaka ishirini na mbili ya kazi ilikuwa imemwacha hivyo, na alishaacha kulishangaa jambo hilo. Ila kovu la kuungia halikai dakika nzima. Hilo ndilo lililomfanya ampigie simu Fundi Bogale.

Bogale alikuwa amestaafu redioni, mtu mnene mwenye testa ya umeme kwenye mfuko wa shati badala ya kalamu. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa amepiga magoti katika chumba cha Tilaye akiunganisha waya alioutoa kwenye mfuko wa vielelezo.

"Maiki moja," alihesabu. "Kisanduku kimoja cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Chaja ya kisanduku, ya bei ya kutupa. Kompyuta, kuukuu kama mimi. Magodoro ukutani. Hapa hata jini akilia nje husikii."

"Yowe lilisikika."

"Yowe la mwanamke wa Gulele, afande wangu, hilo haliulizwi."

Dada yake Tilaye alikuwa amesimama mlangoni. Jina lake Etaferahu, miaka thelathini na minne, ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amejitanda shuka nyeupe ya pamba kichwani, uso umetulia, macho makavu. Siku sita alikuwa akipeleka chakula kituoni kila saa tisa, mfungo unapofunguliwa, na kila siku alimuuliza askari wa zamu swali lilelile: atatoka lini? Leo alimuuliza Demissew.

"Mkishajua ni nini kinachokwaruza, atatoka?"

"Ikiwa si viungo, faili ni zima. Faili likiwa zima, alikuwa ameketi hapa mtu alipokufa. Mwendesha mashtaka hatakuwa na la kusema."

"Na msipojua?"

"Kesho anasomewa mauaji."

Etaferahu aliitikia kwa kichwa, akabaki mlangoni.

"Haya," Bogale alisema, akavaa hedifoni. "Kwanza nisikie ugonjwa wenyewe."

Alisikiliza dakika tano, kichwa kimeinama. Akazivua, akampa Demissew. Demissew alisikia kile alichokisikia mara kumi na zaidi: zile nyuzi kumi nene zikikoroma, na sauti ya Tilaye chini yake akinong'ona sala.

"Sisikii mkwaruzo. Nasikia begena."

"Ndipo alipokosea na kijana mwenyewe. Begena inakoroma kwa asili yake, si wanaweka vipande vya ngozi chini ya nyuzi makusudi ikorome? Angekuwa anarekodi gitaa angerukia juu: kuna kitu kimeharibika! Lakini begena! Kukoroma juu ya kukoroma, nani atajua? Sisi sote hapa tumelelewa na huo mlio, Kwaresima kwa Kwaresima. Mtaalamu wenu hakusikia pia, aliona kwa macho." Alivuta skrini. "Tazama. Hiki ndicho kilele cha sauti kikiwa kizima, kina ncha. Na hiki cha dakika ya nne kimekatwa bapa, kama meza."

"Aliongeza sauti kupita kiasi?"

"Ndilo swali la kwanza. Fundi yeyote atakwambia punguza sauti, ulikuwa unapiga kelele kwenye maiki. Ila ukizidisha sauti, kilele kinakatwa hapa juu kabisa, darini. Hiki kimekatwa katikati ya ukuta. Nafasi ilikuwepo tele na bado kimekatwa." Alijikuna kidevu. "Hapo ndipo mimi na mtaalamu wenu tunaachana. Yeye kaona hivyo kasema kimechezewa."

"Wewe unasema?"

"Mimi nasema sijui. Nipe hiyo begena."

Walianza kwa utaratibu, kitu kimoja kimoja, kwa sababu Bogale alikuwa na sheria moja ya kazi: usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Aliipakata begena, akawa anazicharaza nyuzi bila wimbo wowote, huku Demissew akitazama mchoro ukikua kwenye skrini na kuandika kwenye daftari.

Jaribio la kwanza, kila kitu kama kilivyokutwa. Safi. Vilele vyote vina ncha.

La pili, Bogale akautingisha waya wa maiki, akaupinda, akaukanyaga. Kukapiga *tak* mara moja, sauti ikakatika, ikarudi. "Waya ukifa unakata sauti. Haukati vilele," akasema. Demissew akapiga mstari juu ya neno *waya*.

La tatu, simu. Mtaalamu aligusia kwamba mtuhumiwa huenda alikuwa anaongea na mtu. Demissew aliiweka yake kando ya maiki, akajipigia kwa ile ya ofisi. Hedifoni zikatoa ule mlio wa kugongagonga kabla simu haijaita. Tofauti kabisa. Akapiga mstari juu ya *simu*.

La nne, kompyuta yenyewe. Bogale alifungua programu kumi kwa pamoja, feni ikavuma. Sauti ikaanza kuruka, vipande vidogo vikimezwa.

"Hii ni mashine iliyochoka," Bogale akasema. "Inaacha mashimo. Sisi hatutafuti mashimo."

La tano, aliongeza sauti mpaka taa nyekundu ya kisanduku ikawaka. Vilele vikakatwa bapa kweli, lakini juu kabisa, darini, kama alivyosema.

Saa tano ikapita. Daftari la Demissew lilikuwa na maneno matano na mistari mitano.

"Leo mashine haina hata mafua," Bogale alisema, akaiweka begena chini kwa hasira. "Ugonjwa huu ulikuja Ijumaa ukaondoka Ijumaa. Nimeangalia mafaili yake mengine thelathini, yote safi kama yai. Hili moja tu."

"Basi tutafute Ijumaa ilikuwa na nini."

"Ijumaa ilikuwa na umeme, ndicho ninachokumbuka mimi!" Bogale alicheka bila furaha. "Siku tatu nzima kabla yake, Jumanne mpaka Alhamisi usiku, mtaa wote huu giza. Transfoma iliungua. Mke wangu kanitukana mimi, eti ndiye fundi."

Demissew aliacha kuandika. "Kisanduku hiki kinatumia umeme wa ukutani?"

"Kinatumia hii chaja takataka."

"Umeme ukipungua, sio kukatika. Kupungua."

Bogale alimtazama, mdomo ukabaki wazi kidogo. Kisha akaichomoa testa mfukoni, akaitia kwenye soketi. "Volti mia mbili na kumi na mbili. Sasa hivi hapana neno. Lakini ukishuka, tuseme mia na hamsini..." Akakigusa kisanduku. "Chaja inalegea, kisanduku kinakosa nguvu, dari yake inashuka. Sauti ileile ya kawaida inagonga dari. Bapa, katikati ya ukuta. Hee! Afande, wewe ungesomea ufundi."

"Nini kinachoshusha umeme dakika moja, kinauachia, kinaushusha tena?"

"Kitu kikubwa. Birika la chai haliwezi. Mashine ya kuchomelea, pampu ya maji, au..."

Hakumaliza, kwa sababu Demissew alikuwa ameshainuka. Alikuwa akiufuata kwa macho waya unaotoka kwenye soketi, uliopigiliwa misumari juu ya kizingiti. Chumba hiki kilijengwa baadaye, kikaazima umeme pale palipokuwa karibu. Etaferahu alisogea kumpisha, kisha akamfuata. Waya ulitoka nje, ukapita ukutani hatua nne, ukaingia jikoni.

Jiko lilikuwa dogo, limepakwa chokaa. Mlango wake mmoja ulitazama uani, mwingine ulifungukia juu ya ngazi za mawe. Katikati, juu ya meza ya chuma, ilikaa mitadi, lile bamba la udongo la umeme la kuokea injera, ile mikate mipana ya unga uliochacha, pana kama mkumbatio wa mtu, kifuniko chake cha bati juu. Waya wa chumba cha Tilaye ulikuwa umesokotwa moja kwa moja kwenye waya wa mitadi na kuzungushiwa utepe mweusi.

"Mungu wangu," Bogale alisema nyuma yao. "Nani fundi wa hii kazi? Afungwe yeye."

Demissew alimgeukia Etaferahu. "Mnaoka siku gani?"

"Jumanne na Jumamosi. Alasiri."

"Tilaye akiwa wapi?"

"Anafundisha kanisani siku hizo. Harekodi."

"Kwa hiyo mitadi na kurekodi havikutani."

"Havikutani," alisema Etaferahu.

Bogale alikuwa ameshaanza kurudi chumbani, furaha imempanda kichwani. "Washa, dada! Washa tu, mimi nikae kwenye mashine. Afande, hesabu dakika!"

Demissew alinyoosha mkono kwenye swichi. Etaferahu akausimamisha mkono ule kwa sauti tu, bila kusogea.

"Bamba tupu halitakupa jibu."

"Kwa nini?"

Macho ya Etaferahu yalikuwa kwenye ndoo ya unga uliokandwa, iliyofunikwa kwa kitambaa pembeni ya ukuta. Ulikuwa wa kuokwa Jumamosi, ushaanza kuchacha, na harufu yake kali ilijaa jiko.

"Likiwa tupu linapata moto, linajizima, linakaa muda mrefu. Ukimwaga unga, ule ubaridi unalistua, linajiwasha upesi. Kama mnataka iwe sawasawa na kwenye faili, lazima mtu aoke."

"Utaoka?"

"Nikioka, ataachiliwa?"

"Ikikaa sawa na faili, ndiyo."

Etaferahu alivua shuka nyeupe, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda. Akanawa. Akawasha swichi, na taa ya jikoni ikafifia palepale. Kutoka chumbani Bogale alipiga ukelele wa mtu aliyefunga goli.

"Imekuja! Afande! Bapa! Bapa katikati ya ukuta!"

Bamba lilipokolea moto, alilipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya mbegu, akachota unga kwa kopo, akaumwaga kwa kuzungusha kuanzia ukingoni kuingia kati. Vitundu vikaanza kufumuka. Akafunika. Taa ikafifia. Demissew alitazama saa: dakika moja na sekunde tano. Taa ikarudi. Injera ikaiva, akaitoa kwa ungo mpana wa ukindu, akapangusa, akamwaga nyingine. Kila taa ilipofifia Bogale alipaza sauti kutoka chumbani, na Demissew aliandika. Dakika moja imewaka, dakika mbili imezima. Moja, mbili. Moja, mbili. Alifungua taarifa ya mtaalamu, akaulaza ukurasa wa vipimo kando ya daftari lake.

Vilikaa sawa, mstari kwa mstari, kuanzia dakika ya tatu ya faili mpaka dakika ya ishirini na mbili.

Bogale alikuja amejipangusa jasho, pua imeelekea kwenye rundo la injera. "Hii ni dhambi mnayonifanyia, afande. Saa sita hii, mfungo mpaka saa tisa, nanusishwa injera ya moto." Akacheka. "Lakini imekwisha! Hakuna kiungo hata kimoja. Kijana alikaa pale akapiga begena yake, na mitadi ilikuwa inamwibia umeme. Dada, piga vigelegele, mdogo wako anatoka."

Etaferahu hakupiga vigelegele. Alitoa injera ya saba.

"Fundi," Demissew alisema, "niletee mchoro wa baada ya dakika ya ishirini na mbili."

"Wa nini tena?"

"Niletee."

Bogale aliibeba kompyuta mpaka mlangoni. Demissew aliinama juu yake. Baada ya dakika ya ishirini na mbili palikuwa na nafasi ndefu isiyo na mkwaruzo, dakika sita hivi. Mkwaruzo mfupi kwenye ya ishirini na nane. Sita nyingine. Mfupi kwenye ya thelathini na nne. Halafu basi, mpaka mwisho.

"Dada," alisema bila kunyanyua uso. "Hapa kwenye nafasi ndefu."

"Hapo hakuna aliyemwaga unga," Etaferahu alijibu. "Bamba lilikuwa tupu."

"Na hapa mwisho?"

"Hapo limezimwa."

Bogale alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Furaha ilimwondoka usoni polepole.

Demissew alipiga hesabu kwenye daftari, ingawa alikwisha kuipiga kichwani. Saa mbili na hamsini ukiongeza dakika ishirini na mbili ni saa tatu na dakika kumi na mbili. Ukiongeza thelathini na nne ni saa tatu na dakika ishirini na nne. Sahlu alikata simu saa tatu na tano. Demissew alirudi nyuma kurasa kadhaa, mpaka maelezo ya Ijumaa ile, akayasoma kwa sauti moja, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Etaferahu Wondafrash. Kanisani tangu alfajiri mpaka saa saba. Marehemu hakuwa na mtu wa kumpikia, alikuwa anakula kwa shemeji yake. Mpangaji wa mbele ananunua injera dukani." Akalifunga daftari. "Umeme ulikatika Jumanne. Unga wa Jumanne ukakaa mpaka Ijumaa."

"Ungeharibika," alisema Etaferahu. "Ulishachacha kupita kiasi. Niliondoka kanisani mapema, nikasema nioke haraka kabla ya umeme kukatika tena. Tilaye alishafunga mlango wake. Hakujua kama nimerudi."

"Ni nani alikuwa jikoni saa tatu na dakika kumi na mbili?"

"Mimi."

Alizima mitadi. Taa ya jikoni ikang'aa zaidi.

"Alikuja kwa mlango huu," alisema, akiuonyesha ule wa ngazi kwa kidevu. "Haikuwa mara ya kwanza. Tilaye alimkaba getini kwa hilohilo, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, tusifukuzwe. Siku ile alijua wote wako kanisani. Alinishika kwa nyuma. Nilikuwa na ungo mkononi, nikamsukuma nao. Mara moja. Sikumtazama akianguka, nilisikia tu. Nikafunga mlango, nikakaa pale kwenye kigoda. Bamba likawa linajiwasha, linajizima. Sijui nilikaa muda gani."

"Dakika kumi na mbili," Demissew alisema.

"Basi kumi na mbili. Nikazima, nikajitanda, nikarudi kanisani. Nilisimama na wenzangu mpaka mwisho. Sikusikia hata neno moja la ibada."

"Kwa nini hukusema? Siku sita."

"Alikuwa na faili." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Siku ile mnamtia pingu, aliniambia, dada usilie, mimi nina faili, litasema. Nami nikaamini. Nikajisemea, litasema, atatoka, na mimi sitakuwa nimesema lolote. Kisha mkaniambia limeharibika, lina mikwaruzo. Sikujua mikwaruzo yenyewe ni mimi. Nimejua leo, hapo ulipousimamia ule waya."

"Ungeweza kunyamaza. Ningewasha bamba tupu, lisingekaa sawa."

"Na kesho angesomewa mauaji."

Bogale aliiweka kompyuta chini taratibu, akavua kofia, akatoka uani. Demissew alimsikia akipiga pua. Yeye mwenyewe hakusikia machozi wala hasira. Aliona kwamba kazi imekwisha, na kwamba alikuwa amemkamata mtu wa kwanza kwa haraka mno. Hilo lilimuuma kidogo, na aliliandika kwenye taarifa bila kujitetea: faili halikuungwa; mtuhumiwa Tilaye Wondafrash hakuwapo kwenye ngazi; sababu ya mkwaruzo ni mitadi iliyotumiwa na dada yake.

Etaferahu alikuwa anaisoma juu chini kutoka ng'ambo ya meza.

"Hilo la mwisho," alisema. "Lazima liwemo?"

"Bila hilo mikwaruzo haina maelezo. Bila maelezo hatoki."

"Atajua kwamba ni faili lake lililonitaja."

"Litasomwa mahakamani. Atakuwepo."

Etaferahu akasema, "Naomba niongee naye kabla hajajua."

Hili halikuwa kwenye utaratibu wowote. Demissew alimpigia ofisa wa zamu, akamwamuru amtoe Tilaye rumande, ampe simu. Akabonyeza sauti ya nje, akaiweka simu mezani kando ya injera.

"Dada?" Sauti ya Tilaye ilikuwa imekauka kwa siku sita za sakafu ya saruji. "Ofisa kaniambia faili limepita. Kweli?"

"Kweli. Kesho unatoka."

"Si nilikwambia! Si nilikwambia litasema?" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na nyuma yake mtu fulani wa rumande alipiga makofi. "Haya, ilikuwa nini? Mkwaruzo ulikuwa nini?"

"Umeme ulishuka. Waya wa chumba chako umeungwa vibaya. Uutenganishe, usirekodi tena hivyo."

"Na nani kagundua? Maana wataalamu wao walishanizika."

Etaferahu aliishika meza kwa mikono miwili. "Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Wewe! Hata kompyuta huwezi kuiwasha!" Tilaye alicheka mpaka akakohoa. "Mungu akupe maisha marefu, dada yangu. Akuongezee siku zangu juu ya zako. Kesho nikitoka naja moja kwa moja nyumbani, sipiti popote. Unasikia?"

"Nasikia," alisema. "Injera zipo saba. Zimefunikwa."

Akairudisha simu kwa Demissew. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, umeanza kukauka na kupasuka. Akauliza kama anaruhusiwa kunawa kwanza. Demissew akasema anaruhusiwa, akamshikia birika.